Upanga wa Arthur na Sindano ya Liyongo

Shujaa wa hadithi hapimwi kwa ushindi wake tu, bali kwa hasara yake pia. Kwa kipimo hicho yafaa kuuhukumu mchezo wa video uitwao Soul Sacrifice, uliotolewa mwaka 2013 kwa kifaa cha mkononi cha PlayStation Vita. Mchezo huu umeazima majina katika visa vya Mfalme Arthur: chama cha wachawi wake chaitwa Avalon, na mojawapo ya silaha zake za kutisha ni Excalibur. Kijana wa Moshono, chini ya Mlima Meru, aweza kuushika upanga huo kiganjani kabla hajausoma kitabuni. Je, alichokishika ni kisa au ni jina tupu?

Katika kitabu cha Thomas Malory, kilichopigwa chapa na William Caxton mwaka 1485, Excalibur ni amana. Arthur aupewa na Bibi wa Ziwa, naye akikaribia kufa amwagiza Bedivere aurudishe majini. Mara mbili Bedivere auficha kwa kuutamani. Mara ya tatu ndipo autupapo. Katika mchezo upanga hautoki ziwani: mchezaji hung'oa uti wake mwenyewe wa mgongo, nao ukawa upanga. Badiliko hili si la kipuuzi. Latamka waziwazi jambo ambalo Malory alilifumba, kwamba nguvu humdai mwenye kuitumia.

Zaidi ya hayo, mwenzi aangukapo vitani, mchezaji huchagua kumwokoa kwa kutoa sehemu ya uhai wake, au kumtoa kafara apate nguvu kubwa. Hapo ndipo mchezo uupitapo utenzi kwa jambo moja. Asikilizaye Utendi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhammad Kijuma mwaka 1913, humwona mwana akimchoma babaye kitovuni kwa sindano ya shaba, baada ya kuahidiwa ndoa. Humlaani mwana huyo, naye mikono yake ni safi. Mchezaji hana usafi huo. Kishawishi cha msaliti kimo katika kidole chake.

Walakini mchezo wabomoa kwa mkono wa kushoto ulichojenga kwa wa kulia. Kitabu chenye kusema, Librom, hulia machozi, na machozi hayo huondoa athari ya kafara. Uti uliong'olewa ni kama haukung'olewa. Liyongo hakupata machozi ya namna hiyo. Alikufa amepiga goti kisimani, mshale umo utani, na watu wa mji wakaogopa kuteka maji, wasijue kuwa wamwogopaye ni maiti. Hofu hiyo yatoka katika kifo kisichotanguka.

Basi si haki kuudharau mchezo huu kuwa ni upuuzi wa watoto, wala si haki kuusifu kwa majina yake makubwa. Umempa mchezaji mkono wa msaliti, lakini umemnyima majuto ya kudumu. Atakayependa siku moja kumtia Liyongo katika kifaa cha mkononi, ili kijana wa Moshono amjue kama amjuavyo Arthur, na ajifunze hapa: amwachie mchezaji hiari ya kuishika sindano, lakini akiisha kuichoma, pasiwe na chozi la kuichomoa.