Kosa la Tahajia au Upatanisho? Uhakiki wa Tashbihi Moja ya Elimu ya Jeni

Waandishi wanaofafanua elimu ya jeni wamezoea kuifananisha jeni na maandishi, na badiliko la jeni na kosa la tahajia. Kwa kuwa tashbihi hiyo imeazimwa kutoka taaluma ya lugha, yafaa ipimwe kwa vigezo vya taaluma hiyo.

Kipimo kizuri kimo katika utafiti wa Charles Yanofsky na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, juu ya bakteria Escherichia coli. Bakteria huyo hujitengenezea triptofani, mojawapo ya asidi amino 20 zinazounda protini. Hatua za mwisho za kazi hiyo hutegemea kimeng'enya chenye sehemu mbili: A hutoa indoli, na B huiunganisha na serini ili ipatikane triptofani. Mwaka 1964 watafiti hao walionyesha kwamba mpangilio wa mabadiliko ndani ya jeni ya A hulingana na mpangilio wa asidi amino zilizobadilika katika protini yake. Hapo tashbihi ya maandishi yasimama imara. Mahali pamoja, herufi GGA zikigeuka AGA, glisini huiachia arijinini nafasi yake. Zikigeuka GAA, huingia asidi glutamiki. Katika hali zote mbili A hushindwa kazi.

Hata hivyo, neno "kosa" lina kasoro mbili. Kwanza, linahukumu bila kutazama mazingira. Bakteria aliyebadilika hivyo hakui penye sukari na chumvi tupu. Akipewa triptofani, au hata indoli pekee, hukua, kwani B ingali nzima. Udhaifu wake basi hutegemea chakula kama unavyotegemea herufi.

Pili, na hili ndilo zito zaidi, kosa la tahajia halisahihishwi kwa kosa jingine. Lakini katika protini iliyopata asidi glutamiki, badiliko la pili, umbali wa asidi amino 36 kutoka la kwanza, liliweka sisteini mahali pa tirosini na kuirudishia protini sehemu ya nguvu zake. Badiliko hilo likiwa peke yake, huiharibu. Mwanafunzi wa Kiswahili anaifahamu hali hiyo. Katika "kiti kirefu", akigeuza nomino tu hupata "viti kirefu". Akigeuza kivumishi tu, "kiti virefu". Akigeuza vyote viwili, sarufi hurejea. Utaratibu huo huitwa upatanisho.

Mfano huu nao una mpaka wake: "viti virefu" ina maana nyingine, ilhali protini yenye mabadiliko mawili huirudia kazi ileile, tena kwa unyonge. Faida yake ni kumwelekeza msomaji kwenye uhusiano wa sehemu na sehemu. Mwalimu asemaye "badiliko" badala ya "kosa" humzuia mwanafunzi asiihukumu herufi moja kabla ya kuuliza inaambatana na zipi, na bakteria mwenyewe anakula nini.