Yai Namba 9

Siku ya 30 nililipasua yai namba 9. Ndani alikuwamo kifaranga wa bata aliyekamilika: manyoya ya njano, miguu yenye utando, na lile jino dogo kwenye ncha ya mdomo ambalo angetobolea ganda. Hakuwa ameoza, wala hakuwa na kilema. Ila kabla yeye hajatoka, yalitangulia maji. Kifaranga alikuwa amezama ndani ya yai lake.

Nilikuwa nimeweka mayai 12 ya bata weupe aina ya Pekin, ambao huanguliwa kwa siku 28. (Usiwachanganye na Muscovy, wale wenye ngozi nyekundu usoni waliojaa vijijini kwetu, hao huchukua hadi siku 35.) Mashine yangu ilikuwa na feni, joto nyuzi 37.5. Kila yai nililiandika namba kwa penseli, nikalipima kwa mizani ya jikoni, kisha nikawa naligeuza mara tano kwa siku. Visahani viwili vya maji vilivyokuja na mashine nikavijaza vyote, kama maelekezo yalivyosema.

Usiku wa siku ya 7 nilizima taa, nikamulika. Kifaa chenyewe kilikuwa tochi ya simu na boksi la viatu lenye tundu dogo kuliko yai. Yai namba 4 liliwaka rangi ya chungwa, mishipa ya damu imetawanyika kama mizizi ya mche, katikati doa jeusi linacheza. Namba 6 lilikuwa jeupe tupu, kivuli cha kiini kikielea: halikuwa na mbegu. Namba 11 lilikuwa na duara jekundu, jembamba kama uzi. Hapo kiinitete kilianza kikafa, damu ikajitenga. Hayo mawili niliyatoa, maana yai lililokufa ukiliacha kwenye joto huwa viza, na viza likipasuka huchafua yote. Namba 9 lilikuwa na mishipa mizuri kuliko yote. Nikalala nimeridhika.

Kosa langu lilikuwa hapo. Nilitazama mishipa, sikutazama upande butu wa yai, kwenye chemba ya hewa. Yai linaloatamiwa hupoteza maji kupitia vitundu vya ganda, na kadiri maji yanavyotoka ndivyo chemba inavyopanuka. Siku za mwisho kifaranga hutoboa utando, akaingiza mdomo humo na kuvuta pumzi yake ya kwanza. Chemba ikiwa finyu, maana yake maji yamebaki ndani na nafasi ya kupumulia hakuna. Yai la bata linatakiwa liwe limepoteza kama asilimia 13 ya uzito wake kufikia siku ya 25: yai la gramu 80 libaki na gramu 70 hivi.

Namba zote nilikuwa nazo daftarini. Namba 4 na namba 9 yote yalianza na gramu 80. Siku ya 14, yalipopaswa kuwa yamepungua kama gramu 6 kila moja, namba 4 lilikuwa na 76 na namba 9 lina 78. Ganda la yai moja si sawa na la jingine. Lenye vitundu vichache hushikilia maji, na unyevu ukizidi ndilo linaloumia kwanza.

Unyevu ulizidi kwa sababu gani? Mashine iko Dar es Salaam, na ilikuwa masika. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80, ukiipasha hadi 37.5, unyevu wake hushuka hadi kama asilimia 53. Bata huhitaji kama 55. Yaani hewa ya Pwani ilikuwa karibu inatosha yenyewe, mimi nikaiongezea visahani viwili. Mashine ya mwenzangu wa Njombe ikivuta hewa ya nyuzi 18 yenye unyevu wa asilimia 70, ndani yake unabaki kama asilimia 22. Yeye bila maji atakausha mayai. Karatasi ya maelekezo ni moja, hewa ni mbili.

Siku hiyo ya 14 nilitoa maji yote na kufungua matundu ya hewa. Siku ya 25 namba 4 lilifika gramu 71, chemba yake imeinama upande mmoja na kivuli cha mdomo kinasukuma. Namba 9 lilikuwa bado na 74. Nikaacha kugeuza, nikarudisha maji hadi kioo kikatoka jasho, kwa kuwa wakati wa kutoboa, utando ukikauka humbana kifaranga. Namba 4 lilitoboka siku ya 27, na kifaranga wake akachukua zaidi ya saa 30 kutoka. Sikumsaidia, muda huo ndio anaomalizia kuvuta damu mwilini na kiini tumboni. Kati ya mayai 10 yaliyobaki, 8 yalianguliwa.

Awamu ijayo naanza na visahani vikavu. Na usiku wa siku ya 7, kabla ya kufurahia mishipa, nitachora kwa penseli mpaka wa chemba ya hewa kwenye kila ganda, niweke yai kwenye mizani, ndipo niamue kama kuna haja ya maji.