"Wiki ya 10" ni Tarehe Gani?

Istilahi "namba ya wiki", kama itumiwavyo katika miongozo ya programu za kuchanganua data, twaiona kuwa pungufu. Tuchukue mfano wa "wiki ya 10, 2021". Kwa kanuni ya kimataifa ISO 8601, wiki huanza Jumatatu, na wiki ya 1 ndiyo yenye Alhamisi ya kwanza ya mwaka. Basi wiki hiyo ilianza tarehe 8 Machi. Lakini programu ya Excel, isipoelekezwa vinginevyo, huanza wiki Jumapili, na huiita ya 1 ile yenye tarehe 1 Januari, hata ikiwa na siku mbili tu. Kwake wiki ya 10 ilianza tarehe 28 Februari. Karani wa zahanati na mtakwimu wa wilaya waweza kuandika namba ile ile, na siku wanazohesabia wagonjwa zisikutane hata moja.

Neno "mwaka" nalo lapotosha zaidi. Kwa kanuni hiyo ya ISO, tarehe 1 Januari 2021 imo katika wiki ya 53 ya 2020. Aiunganishaye 53 na 2021 hutafuta wiki isiyokuwapo. Twapendekeza "mwaka wa wiki", utengwe na "mwaka wa kalenda".

Iko pia namba ya siku. ISO huiita Jumatatu siku ya 1, ilhali jina lenyewe, lihesabulo tangu Jumamosi, laifanya ya tatu. Mfasiri na aandike jina la siku kando ya namba yake.