Kabla ya Kusifu Jani: Jinsi ya Kupima Saladi Inayolimwa Majini

Ukiingia kwenye kitalu nyumba cha saladi inayoelea juu ya maji, jicho hukimbilia majani, na mwenye shamba analijua hilo. Mabao meupe yamepangwa bega kwa bega, kila tundu lina kichwa cha kijani, hakuna tope wala jani lililotobolewa na mdudu. Mgeni huanza kusifu kabla hajagusa kitu. Mjuzi hana haraka. Katika kilimo hiki jani linaeleza ya wiki iliyopita. Ya leo yako chini ya ubao, na njia ya kuyajua ni kuomba ruhusa ya kuuinua.

Mfumo wenyewe haujifichi. Kuna hodhi la maji, virutubisho vilivyoyeyushwa humo, ubao mwepesi unaoelea, na miche iliyopenyezwa kwenye matundu ili mizizi ining'inie majini. Pampu husukuma hewa kupitia mawe yenye vitundu vidogo, nayo hupanda kama mapovu. Anayelima chumbani hutumia ndoo na taa za LED. Anayelima biashara huchimba au kujenga mabwawa marefu. Vipimo vya ubora ni vilevile.

Kabla ya kupima, iondoe kichwani dhana moja. Katika miaka ya 1930, W. F. Gericke wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikuza mimea kwenye matangi ya maji, na magazeti yakaandika kana kwamba udongo umepitwa na wakati. Dennis Hoagland na Daniel Arnon wa chuo hichohicho wakalipima jambo hilo kwa utulivu, na waraka wao wa 1938 ukaeleza kwamba maji hayana miujiza: udongo mzuri uliotunzwa vizuri unatoa mavuno ya kulingana nayo. Kwa hiyo maneno "imelimwa bila udongo" kwenye lebo yanakuambia njia iliyotumika. Daraja la ubora utalitafuta mwenyewe.

Mizizi

Shika ubao kwa mikono miwili, uinue upande mmoja mpaka mizizi yote itoke majini, kisha uache ichuruzike. Mizizi mizuri ni myeupe au ina weupe wa maziwa, imeshuka kwa wingi, na ina matawi madogo mengi hadi chini. Tazama ncha hasa. Ncha nyeupe ni mzizi unaoendelea kukua. Ncha za kahawia ni mzizi uliokwama, hata kama sehemu ya juu bado inapendeza.

Rangi peke yake isikutishe. Baadhi ya mbolea za chuma na viongezo vya asili hupaka mizizi rangi ya chai, na mmea ukawa mzima kabisa. Ndiyo sababu vidole vinaaminika kuliko macho. Bana mzizi mmoja kati ya kidole gumba na cha shahada, uvute taratibu kuelekea chini. Mzizi mzima hukaza. Uliooza huchubuka ngozi: gamba la nje linabaki vidoleni kama ute, na katikati unabaki uzi mwembamba unaoning'inia. Mara nyingi hiyo ni kazi ya Pythium, kiumbe cha majini cha jamii inayofanana na kuvu, ambacho vijimbegu vyake huogelea kutoka mzizi mmoja hadi mwingine. Na kwa kuwa mimea yote inakunywa hodhi moja, usikubali kuambiwa kwamba tatizo ni la ubao huo tu. Inua mwingine mbali na pampu, kule ambako maji yamelala, ulinganishe.

Kisha inuse. Mizizi mizima hainuki, au ina harufu ya ubichi tu. Harufu ya yai viza inamaanisha sehemu ya hodhi imekosa oksijeni na bakteria wasiohitaji hewa wamepata makao.

Tahadhari moja: usipime mifumo miwili kwa kipimo kimoja. Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii alieneza njia isiyotumia pampu, ambamo maji hushuka kadiri mmea unavyoyanywa na mizizi ya juu hubaki kwenye nafasi yenye hewa na unyevu. Huko, mizizi ya juu iliyo nje ya maji ni dalili ya afya. Ukimkuta mkulima wa njia hiyo amejaza hodhi tena hadi juu kwa hofu ya maji kupungua, amezamisha mizizi iliyokwisha kuzoea kupumua hewani, na zao litamlipa kwa kunyauka.

Maji

Watu wengi huhesabu mapovu. Hodhi likitokota, wanaridhika. Lakini mapovu ni njia tu. Kinachotafutwa ni oksijeni iliyoyeyuka, na maji yana kikomo cha kuishika. Usawa wa bahari, maji ya nyuzi 20 hushika takriban miligramu 9.1 kwa lita. Kwa nyuzi 25 ni 8.3, kwa nyuzi 30 ni 7.6. Mwinuko nao hupunguza. Nairobi iko kwenye mita 1,700 hivi, ambako hewa ni nyepesi, kwa hiyo maji yake ya nyuzi 20 hushika karibu miligramu 7.4 tu, pungufu kidogo ya maji ya Dar es Salaam yenye nyuzi 30. Usije basi ukadhani ubaridi wa bara unamaliza kila kitu. Ila mkulima wa Dar ana mzigo wa pili: kwenye joto mizizi hupumua kwa kasi zaidi, na aina za Pythium zinazopenda joto huamka.

Je, aliyeweka pampu kubwa zaidi ndiye bora? La. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, jimbo la New York, walilima saladi kwenye maji yenye oksijeni ya viwango mbalimbali, kuanzia miligramu 2.1 hadi 16.8 kwa lita, na matokeo yao ya 1996 hayakuonyesha tofauti ya maana katika uzito. Mmea ukishapata unachohitaji, ziada haiongezi kitu. Sababu ya kutunza kiwango cha 7 au zaidi ni akiba: pampu ikizima, mizizi iliyosongamana itaendelea kupumua, na hodhi lenye akiba ndilo litakalovuka salama. Kipimo kikisoma chini ya 3 katikati ya mizizi, usinunue.

Joto la maji ndilo siri kubwa ya pwani. Watafiti wa chuo hichohicho waliripoti mwaka 1998 kwamba hata hewa ikiwa nyuzi 31, saladi iliendelea kuwa ya kuuzika maadamu maji ya hodhi yalipozwa hadi nyuzi 24. Kupoza maji ni nafuu kuliko kupoza hewa ya jengo zima. Kwa hiyo ukitembelea shamba la ukanda wa joto, tumbukiza kipimajoto saa nane mchana, si asubuhi. Uliza pia hodhi limekingwa na nini: kuta zilizozikwa ardhini, kivuli juu ya paa, au tangi jeusi lililosimama juani.

Baada ya hapo soma vipimo viwili vya kila siku. pH ya saladi inafaa iwe kati ya 5.5 na 6.5. EC, kipimo kinachoonyesha wingi wa chumvi zilizoyeyuka, huwa kati ya 1.2 na 1.8 mS/cm kwa wakulima wengi. Namba moja ya leo haisemi mengi. Mwendo wake ndio unaosema. Maji yakipungua huku EC ikipanda, mimea inakunywa maji kuliko chakula, mara nyingi kwa sababu ya jua kali, na mchanganyiko unahitaji kuzimuliwa. Yakipungua huku EC ikishuka, mimea ina njaa. pH inayopanda polepole ni kawaida ya mmea unaokula naitreti kwa afya. pH inayoporomoka ghafla inataka ukaitazame mizizi tena.

Uliza EC ya maji kabla hayajatiwa mbolea. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na mkulima anayeanza na maji mazito ana nafasi ndogo ya kuweka chakula chenyewe: anafikisha 1.8 wakati nusu yake ni magadi na chumvi ambazo mmea hauzitaki. Mwenye kuvuna maji ya mvua ameanza mbele.

Mwisho, tazama chini ya hodhi. Unga mweupe uliotulia pale ni ushahidi wa uchanganyaji mbovu. Kalsiamu ikikutana na salfeti au fosfeti zikiwa bado nzito, hugandana na kuzama. Chakula kimelipiwa lakini hakitafika mzizini. Ndiyo maana wajuao huweka mbolea kwenye matangi mawili, A na B, na kuzikutanisha ndani ya maji mengi. Mwani wa kijani kwenye kingo ni kosa dogo zaidi: mwanga unapenya mahali fulani.

Jani

Sasa rudi juu. Fungua kichwa kwa vidole mpaka kwenye majani madogo ya ndani, utazame kingo zake. Ukiona ncha zilizoungua, za kahawia na zenye kukunjamana, hiyo ni kasoro maarufu ya saladi iliyokuzwa haraka. Chanzo ni kalsiamu kutofika kwenye jani changa, na muuzaji wa mbolea atakuambia uongeze kalsiamu. Kwa kawaida majini imo ya kutosha. Kalsiamu husafiri na maji yanayovutwa na jani linapotoa jasho. Jani la ndani, lililofunikwa katika hewa tulivu, halitoi jasho. Dawa ni feni inayopuliza kutoka juu kuelekea moyo wa mmea. Shamba lenye feni zilizoelekezwa hivyo linaendeshwa na mtu anayelijua zao lake.

Umanjano nao usome kwa mahali ulipo. Majani machanga yakiwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani, chuma hakifyonzwi, na pH iliyopanda ndiyo mshukiwa wa kwanza. Yakiwa ni majani ya chini yanayofifia yote, nitrojeni imepungua. Yakiwa ya chini lakini mishipa ni kijani, fikiria magnesiamu. Kichwa kilichorefuka, chenye majani yaliyosimama na kulegea, kimekosa mwanga au kimebanwa na jirani zake.

Kisu na ulimi

Mwombe mkulima kichwa kimoja, ukipasue kutoka juu hadi kitako. Shina la ndani liwe fupi na pana. Likiwa limepanda kuelekea juu, mmea umeanza safari ya kutoa maua, kwa kawaida kwa ajili ya joto, na uchungu uko njiani. Tazama utomvu mweupe penye mkato: tone dogo halina neno, lakini ukitiririka, onja kabla ya kulipa.

Onja jani la nje na la ndani kwa zamu. Saladi nzuri ya majini hukatika kwa mlio, haina maji ya kuchosha, na uchungu wake huja mwishoni na kuondoka. Ikiwa haina ladha yoyote, huenda imelishwa nitrojeni nyingi kwenye mwanga hafifu.

Kisha weka kwenye mizani, na uulize umri. Kipimo cha kulinganishia kinapatikana kwenye mwongozo wa Cornell: kichwa cha gramu 150 kwa siku 35 tangu kupanda mbegu. Siku 11 za mwanzo ni za kitaluni, kisha miche inahamia kwenye bwawa, na siku ya 21 inatanuliwa ipate nafasi. Mwanga wake ni moli 17 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Hewa ni nyuzi 24 mchana na 19 usiku. Wengi hawana vifaa vya kufikia hapo, na si lazima. Faida ya kipimo hiki ni kukusaidia kuuliza. Gramu 150 kwa siku 60 zina maana kuna kilichouzuia mmea, na ulishajifunza pa kukitafuta. Gramu 250 kwa siku hizohizo 35 nazo zinataka maelezo: labda aina ni nyingine, labda ni maji zaidi ya jani.

Maswali mawili ya mwisho

Omba daftari la kila siku, lile linamoandikwa joto la maji, pH, EC na kina. Tafuta siku mbaya. Shamba lolote linalofanya kazi lina siku joto lilipanda, siku pampu iliziba, siku pH iligoma. Daftari ambalo namba zake zote ni nzuri liliandikwa jioni moja kwa kalamu moja.

Halafu uliza: umeme ukikatika usiku, nani anajua, na anafanya nini? Jibu zuri linataja vitu vinavyoonekana: king'ora, betri ya pampu ya hewa, jina la anayelala shambani, na saa ambazo hodhi linaweza kuvumilia kwa wingi wa maji yake. Mkulima aliyekwisha kulipima hilo, mpe oda ya kila wiki na umlipe bei anayotaka. Anayejibu kwamba kwao umeme haukatiki, nunua kwake kile ulichokipasua na kukionja siku hiyo, basi.