Bujagali ni nani? Uhakiki wa insha za mto na bwawa

Safari hii hatuhakiki riwaya wala tamthilia. Tunahakiki insha za wanafunzi wetu, pamoja na kalamu yetu nyekundu iliyozipitia.

Tuliwapa kisa cha Bujagali, yale maporomoko ya Mto Naili yaliyokuwa kilomita chache kutoka Jinja, Uganda. Baadhi yao walilalamika: kwa nini twende Uganda ilhali kwetu kuna mradi wa Jiji na Mulembwe wa karibu megawati 49, na kuna Rusumo, megawati 80 tunazogawana na Rwanda na Tanzania? Lalamiko lina haki. Lakini kwa mwalimu wa lugha, Bujagali ina kitu ambacho hatukukipata kwingine: jina moja linalodai viambishi vinne.

Kisa chenyewe kwa ufupi. Kampuni ya AES ya Marekani ilitaka kujenga bwawa hapo, ikajitoa mwaka 2003. Mwaka 2007 kampuni nyingine ikaanza ujenzi, na bwawa la megawati 250 likazinduliwa Oktoba 2012. Maporomoko yalikuwa yamekwisha kufunikwa na maji. Wanakijiji na watetezi wa mazingira walipinga kwa miaka mingi, na chama cha NAPE kilipeleka malalamiko mbele ya Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia mara mbili, mwaka 2001 na 2007. Walikuwepo wavuvi, wenye mashamba, na hata vijana waliojipatia riziki kwa kuruka ndani ya maporomoko wakishikilia dumu la plastiki huku watalii wakiwatazama.

Tena, kwa Wasoga, maporomoko hayo ni makao ya mzimu uitwao Budhagaali (ndivyo wao wanavyoandika, kwa dh yao). Mlinzi wake naye aliitwa kwa jina hilohilo, Nabamba Budhagaali. Kampuni zililipia matambiko ili mzimu uhame. Mzee huyo hakukubali kwamba umehama.

Sasa tazameni insha. Nyingi ziliandika: "Wakazi walihamishwa, fidia ilitolewa, mizimu ilihamishwa." Sarufi ni safi kabisa, nasi tulitia alama ya vyema. Tuliposoma mara ya pili tukajiuliza: nani alihamisha? Nani alitoa? Kauli ya kutendwa imemficha mtenda mara tatu katika sentensi moja, na mwanafunzi hana hatia, kwani ndivyo ripoti zinavyoandikwa na ndivyo redio inavyosoma. Isitoshe, mzimu, mto, mti na mradi vyote vimo katika ngeli ya U-I. Ukisema "mzimu umehamishwa" sikio halishtuki, kama vile umesema mti umehamishiwa bustani nyingine. Ngeli imerahisisha kazi ya kampuni!

Neno bwawa nalo lina ujanja wake. Linataja maji yaliyotulia, halitaji ukuta. Ukisema "wanapinga bwawa" ni kama watu wanakataa maji, jambo la kuchekesha. Kumbe kilichowakasirisha ni ukuta unaozuia mto. Katika Kirundi tunasema urugomero, neno ambalo angalau lina kuzuia ndani yake. Hata hivyo uruzi na urugomero vyote huchukua ru-, kwa hiyo mwanafunzi wetu amezoea mto na kizuizi chake kutembea na kiambishi kimoja. Kiswahili kinamlazimisha kuchagua: mto umefanya nini, bwawa limefanya nini. Tunaona hapo Kiswahili kimemsaidia kuliko kumsumbua, ingawa yeye mwenyewe hakuona hivyo alipopata alama saba juu ya ishirini.

Hatusemi umeme ni uovu. Uganda ilipata mgao mkali wa umeme mwaka 2005 na 2006, wakati maji ya Ziwa Victoria yaliposhuka, na sisi wa Bujumbura hatuhitaji kuelezwa maana ya kusahihisha insha kwa mshumaa. Mwanafunzi akitetea bwawa kwa hoja, apewe alama zake. Tunachodai ni kwamba aandike nani alijenga, nani aliondoka, na aliondoka kwa kutaka au kwa kutakiwa. Kuhama si kuhamishwa.

Tumebaki na insha moja iliyotugawa katika chumba cha walimu. Mwanafunzi mmoja aliandika: "Bujagali alikataa kuhama." Mmoja wetu aliipigia mstari, akaandika pembeni "yalikataa", kwa kuwa maporomoko ni LI-YA. Mwingine akasema iwe "ulikataa", kwa kuwa ni mzimu. Wa tatu akauliza kama mwanafunzi hakumkusudia yule mzee. Tulimwita. Alisema hakuona sababu ya kutenganisha: anayekataa ni yuleyule, awe ndani ya maji au amekaa ukingoni, na mwenye kukataa hupewa A-WA.

Kwa kanuni za kitabu cha sarufi tulicho nacho, jibu hilo lina matatizo. Kwa Wasoga wa kijiji kile, halina. Tumefuta wino mwekundu na kumrudishia alama mbili. Insha ya muhula ujao itahusu Jiji na Mulembwe.