Kila Mtu na Saraka Yake

Siku moja katika miaka ya 1960, watu waliokuwa wakiingia kwenye mfumo wa CTSS katika chuo cha MIT, Marekani, walipokelewa na nywila za wenzao wote. Kwa kawaida mtu alipoingia aliona tangazo la siku. Siku hiyo, mahali pa tangazo pakatokea faili la nywila, kila jina na siri yake.

Kisa chenyewe kilikuwa kidogo. Programu ya kuhariri maandishi ilitumia faili la muda lenye jina lilelile katika saraka nzima, kwa kuwa walioitunga hawakutarajia kwamba watu wawili wangehariri ndani ya saraka moja kwa wakati mmoja. Wasimamizi wawili wakafanya hivyo hasa: huyu akirekebisha tangazo, yule akirekebisha nywila, na mafaili yakabadilishana nafasi. Fernando Corbató, aliyeongoza ujenzi wa CTSS, hakulifukia jambo hilo. Alilieleza waziwazi katika hotuba ya Tuzo ya Turing, aliyotunukiwa mwaka 1990.

CTSS ilioneshwa kwa mara ya kwanza Novemba 1961, na shabaha yake ilikuwa watu wengi waitumie mashine moja ya bei kubwa, kila mmoja akiiona kama yake peke yake. Hapo ndipo ilipozaliwa kazi ya kutunza akaunti za watumiaji na saraka zao za nyumbani. Ni kazi ambayo haina sifa nyingi mitaani. Anayeunda programu hutajwa, anayeuza simu hutajirika, lakini anayehakikisha kwamba mafaili ya mwanafunzi hayasomwi na jirani yake wa maabara hukumbukwa pale tu mambo yanapoharibika. Anastahili zaidi ya hapo.

Mfumo wa Unix, ulioanza mwaka 1969 katika Bell Labs huko New Jersey, uliipa kazi hii umbo linalotumika hadi leo. Saraka za watu ziliwekwa ndani ya /usr. Ya Ken Thompson ilikuwa /usr/ken, ya Dennis Ritchie /usr/dmr. Diski ya kwanza ilipojaa, sehemu ya programu za mfumo ikahamia humo humo kwenye diski ya watu. Baadaye watu nao wakahamishwa. Ndiyo maana kwenye Linux ya leo, mfumo uliofuata nyayo za Unix, /usr imejaa programu tupu, na wenyewe wanakaa /home.

Kiini cha yote ni faili moja la maandishi ya kawaida, /etc/passwd. Kila mtumiaji ana mstari mmoja, na mstari una sehemu saba zilizotenganishwa kwa nuktambili. Tuseme: asha:x:1004:1004:Asha Juma:/home/asha:/bin/bash. Ni mstari mfupi, nao unasema Asha ni nani, yuko kikundi gani, anakaa wapi, na akiingia atapokelewa na programu ipi. Ile herufi x imekaa palipokuwa na nywila, ambayo sasa huhifadhiwa kwa msimbo katika faili jingine lisilosomwa na kila mtu.

Lakini ndani kabisa kompyuta haimjui Asha. Inamjua 1004. Kila faili analoliandika hupigwa namba hiyo, na jina huletwa tu kwa ajili ya macho ya binadamu. Namba 0 ni ya root, mwenye mamlaka yote, na ukimpa mtumiaji yeyote namba hiyo umempa mfumo mzima, hata ukimwita jina gani. Fundi mzuri hufikiri kwa namba huku akizungumza na watu kwa majina.

Hekima hii haikupatikana kwa siku moja. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson walichapisha makala kuhusu usalama wa nywila. Walieleza kwa nini mfumo usihifadhi nywila yenyewe, ila matokeo ya hesabu ambayo ni vigumu kuirudisha nyuma, tena hesabu ya polepole ili anayebahatisha achoke. Miaka tisa baadaye, Novemba 1988, programu iliyojisambaza yenyewe ilitapakaa katika maelfu ya kompyuta za intaneti ya wakati ule. Mojawapo ya mbinu zake ilikuwa kubahatisha nywila: ilijaribu jina la akaunti, jina kamili la mwenye akaunti, kisha orodha yake ya maneno 432. Aliyeitunga alikuwa Robert Tappan Morris, mtoto wa yuleyule Morris wa makala. Hesabu ya baba ilikuwa imara. Watu ndio waliochagua nywila dhaifu. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kwa msimamizi yeyote makini kusema kwamba nywila ni shauri la mtumiaji mwenyewe.

Ruhusa za saraka nazo zina historia ya kujifunza polepole. Kwa miaka mingi Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux, ilifungua saraka ya nyumbani ya mtumiaji mpya ikiwa inasomeka na wengine wote kwenye mashine. Ilikuwa desturi ya watu wanaoaminiana. Toleo la 21.04, la mwaka 2021, likabadilisha: mwenye saraka anafanya atakalo, kikundi chake kinasoma, wengine mlango umefungwa. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, na ulichelewa. Katika seva ya chuo, rasimu ya tasnifu au barua ya ugonjwa haipaswi kutegemea ustaarabu wa watu mia mbili.

Ufundi huu umefika Afrika Mashariki kwa njia nyingi, na mojawapo iliyo bora ni warsha za AfNOG, jukwaa la waendeshaji wa mitandao barani Afrika, zilizoanza mwaka 2000 na kupita Kampala, Nairobi, Kigali na Dar es Salaam. Humo wahandisi wa bara hili walifundishana Unix na usimamizi wa seva kwa mikono yao.

Kumfungulia mtu akaunti ni rahisi. Amri moja, useradd pamoja na chaguo la -m, inatosha: namba inatolewa, saraka inaundwa, na mafaili ya kuanzia yanakopiwa kutoka /etc/skel. Ugumu uko kwenye kuondoka. Mfanyakazi anapohama hakuna anayemkumbuka fundi wa seva; anaagwa, anapewa zawadi, na akaunti inabaki wazi. Aprili 2021 wavamizi waliingia katika mtandao wa kampuni ya Colonial Pipeline, Marekani, kwa akaunti ya zamani ya kujiunga kutoka mbali. Akaunti hiyo haikuwa ikitumika tena, ila haikuwa imefungwa, na ilikingwa kwa nywila peke yake. Bomba la mafuta la takriban kilomita 8,850 lilisimama siku kadhaa, na kampuni ikalipa kikombozi cha bitcoin 75, karibu dola milioni 4.4.

Kufuta tu nako si dawa. Ukimwondoa Asha kwa userdel bila kueleza zaidi, jina lake linatoka, lakini saraka yake inabaki ikiwa na namba 1004. Kama yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kwenye orodha, mgeni atakayefuata, Baraka, atapewa namba ileile. Siku ya kwanza kazini, bila kuvunja chochote wala kujua, Baraka anakuwa mmiliki halali wa kila alichoacha Asha.

Kwa hiyo msimamizi anayeijua kazi yake hakimbilii kufuta. Kwanza anaifunga akaunti na kuondoa funguo za kuingilia bila nywila, maana nywila ikifungwa funguo hizo huweza kuendelea kufanya kazi. Anaangalia kama kuna kazi za usiku zilizopangwa kwa jina la aliyeondoka. Saraka anaihifadhi mahali pengine kwa muda uliokubaliwa na wakubwa wa ofisi, si kwa muda anaoukisia yeye, na namba anaitenga ili asipewe mtu mwingine. Mwisho, akaunti ikishafutwa, anaendesha find kwa chaguo la -nouser, mashine nzima, kutafuta mafaili yasiyo na mwenyewe. Mara nyingi hayakosekani: ripoti iliyosahauliwa kwenye saraka ya pamoja, au nakala ya hifadhidata iliyoachwa /tmp. Anayapitia moja moja, na kwa kila faili anauliza nani sasa anapaswa kulimiliki.