Mkono na Kiganja: Uhakiki wa Istilahi za Santuri

Neno "santuri" limebeba mizigo miwili katika Kiswahili: ni sahani yenye sauti, na ni mashine iichezayo. Hilo halitusumbui sana, kwani muktadha hutenganisha. Linalotusumbua ni "mkono", neno litumikalo kwa kiungo kizima kishikacho sindano. Hapa muktadha hausaidii.

Yafaa kwanza tulieleze jambo lenyewe. Sahani ya asili inapochongwa, kichwa cha kuchongea husafiri kwa mstari ulionyoka kutoka ukingoni kuelekea katikati. Mkono wa kawaida hauwezi kuifuata njia hiyo, maana umefungwa kwenye egemeo moja nao huchora tao. Mwaka 1938 Erik Löfgren alionyesha kwa hesabu namna ya kupunguza tofauti: sindano ipitilize kidogo kitovu cha sahani, na kichwa cha mkono kipindwe. Kwa mkono wa milimita 230, kupitiliza ni kama milimita 18 na kupinda ni kama nyuzi 24. Hata hivyo sindano hulingana barabara na mfuo mahali pawili tu. Kwingineko huenda upande, kwa kosa lisilozidi nyuzi 2 hivi.

Wako waliotaka kuliondoa kosa hilo kabisa. Mashine ya Garrard Zero 100, iliyotoka Uingereza mwaka 1971, ina ufito wa pili unaokigeuza kichwa polepole kadiri mkono unavyoingia ndani. Beogram 4000 ya Bang & Olufsen, ya mwaka 1972 kutoka Denmark, haina egemeo la kuzungukia: mkono wake hutelezea moja kwa moja kuelekea kitovu.

Sasa tumwazie fundi wa Manyovu, karibu na mpaka wa Burundi, anayesomewa maelezo ya Zero 100 kwa Kiswahili: "mkono hugeuka". Ni upi? Mkono mzima huzunguka. Kichwa nacho hugeuka juu yake, na hapo ndipo ulipo ubunifu wote. Neno moja limefuta habari iliyokusudiwa. Ajabu ni kwamba fundi huyo katika Kiha chake hana tatizo hilo: ukuboko ni kitu kimoja na ikiganza ni kingine. Nasi tunacho "kiganja", tena ni jamaa wa neno hilo la Kiha. Twapendekeza basi "mkono" libaki kwa ufito mrefu, na kichwa kishikacho sindano kiitwe "kiganja". Hapo yatosha kusema: mkono huzunguka, kiganja hujipinda. Kutohoa neno la kigeni, wakati mwili wa binadamu umekwisha kutupa viungo, ni uvivu.

Kosa jingine ni zito zaidi. Baadhi ya wafasiri hutumia "ufuataji" kwa pembe ya sindano katika mfuo na pia kwa nguvu ya sindano juu ya sahani, kwa sababu tu Kiingereza huanza istilahi zote mbili kwa neno moja. Mtu aambiwaye "rekebisha ufuataji" aweza kuongeza uzito pale alipotakiwa kusogeza kiganja, na mfuo uliokwisha kulika haurudi. Sahani alizorekodi Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928 hazichapwi tena; anayezihamishia kwenye kompyuta leo hana nafasi ya kubahatisha. Pembe iitwe "ulinganifu", nguvu iitwe "mgandamizo".

Imebaki Beogram. Wapo wapendao "mkono mnyoofu". Hatukubali: mikono mingi ya egemeo pia imenyooka kwa umbo, na mingine imepindwa kama herufi S, kwa hiyo jina lingetaja umbo badala ya mwendo. Tungechagua "mkono wa reli" dhidi ya "mkono wa tao". Watu wa Kigoma, ilikokomea Reli ya Kati, hawatahitaji kuelezwa mara mbili.